Wimbo wa Majibu Ishirini

Vijana wa kanisani mmeniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi, za kuwatia moyo. Mkamtuma binti yangu Furaha aje na ombi hilo, ameshika chupa ya soda ya kunilainisha. Soda nimekunywa. Moyo sitawatia, kwa sababu mnao tayari. Mnachokosa ni kiburi kidogo, kile kinachofaa. Mama zenu wakiongea Kiingereza kwenye simu na ofisi fulani, mnafumba macho kwa aibu, halafu mnawanyang'anya simu. Nimewaona. Kiswahili mnakielewa vizuri, mnajibu kwa Kiingereza. Basi hiki someni kwa Kiswahili, na mkimaliza jibuni mnavyotaka.

Nilifungasha nyanya Granville, hapahapa Sydney, kwa miaka kumi na saba. Mmoja wenu, anayesoma chuo kule Kensington na kukaa nyumba moja na wenzake watano, aliniambia kwa upole kwamba ile haikuwa career, ilikuwa job tu. Sawa. Nikamuuliza, ile nyanya unayokatia mayai asubuhi, ilifikaje kwako bila kupasuka? Akasema ameinunua dukani. Dukani. Kama vile duka ndilo lililoizaa.

Sasa sikilizeni, maana haya hamtayapata chuoni. Nyanya huwekwa kikonyo kikiangalia chini, ili kisije kikatoboa jirani yake. Kucha zikatwe. Pete ivuliwe, hata ya ndoa, Mungu anajua mumeo ni nani. Nyanya iliyotoka chumba cha baridi hutoa jasho, na jasho hulainisha katoni, kwa hiyo iache ipumue kwanza. Ukishafunga, tikisa katoni kidogo karibu na sikio. Ikigongagonga, umeacha nafasi kubwa na nyanya zitachubuana njiani. Ikinyamaza kabisa na kifuniko kimeinuka katikati, umeshindilia, na katoni ya chini ndiyo itakayolia. Katoni nzuri hutoa sauti moja nzito, kama mtu anayejigeuza kitandani bila kuamka. Kati ya nyanya za juu na kifuniko ibaki nafasi ya unene wa kidole. Kidole cha nani? Cha Sigga, kwa sababu ndiye aliyenifundisha, na vidole vyake vilikuwa vinene.

Sigga alikuwa kiongozi wa meza yetu. Alizaliwa Aislandi, kile kisiwa cha baridi kilicho juu kabisa ya ramani, akaletwa Sydney na wazazi wake akiwa bado msichana, baada ya samaki waliokuwa wakiwalisha kuadimika baharini. Samaki hao wanaitwa heringi. Kule kwao alikuwa akiwapanga kwenye mapipa, tabaka la samaki, tabaka la chumvi, akiinama ndani ya pipa mpaka miguu iache ardhi. Alikuwa mrefu, mkali, na hakupenda maneno mengi. Wiki yangu ya kwanza nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mkuu wa kambi ya wakimbizi kule Kigoma.

Na wiki hiyohiyo ndiyo niliyoharibu.

Lazima mjue kwanza kwamba mama yangu aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Uvira kule Kongo, akipima kwa kopo. Kopo likijaa hadi ukingoni, hiyo ilikuwa nusu tu ya kazi. Ilibidi uweke kichuguu juu yake, na mteja akiendelea kukutazama, uchote tena kidogo kwa vidole vitatu umwongezee. Hiyo ndiyo nyongeza. Muuzaji asiyetoa nyongeza alisemwa mpaka kwenye kundi la akina mama wa kanisa. Mimi nimelelewa hivyo, na nilipopewa katoni za nyanya niliona wazi kwamba wazungu wameisahau nyongeza. Nikawasaidia. Kila katoni niliongeza nyanya tatu au nne juu, nikabonyeza kifuniko kwa kiwiko, nikamwombea baraka atakayezila. Sikumwambia mtu. Nyongeza haitangazwi.

Siku ya tano paleti nzima, yaani rundo zima la katoni juu ya ubao wake, ilirudishwa. Katoni za juu zilikuwa salama, za chini zilikuwa mchuzi. Sigga akazifungua moja moja pale sakafuni, akahesabu nyanya, kisha akaniita.

"Kwa nini umeongeza?"

Kiingereza changu cha wakati ule kingetosha kwenye kijiko. Nikamjibu, "For love."

Akaketi juu ya kreti tupu, akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza alinieleza, polepole, kwamba hata kwenye mapipa yao kulikuwa na nyongeza. Wakishajaza pipa wanaliacha siku kadhaa, samaki wanashuka wenyewe kwa uzito wao, halafu ndipo wanafungua na kuongeza. "Nyongeza si mbaya," alisema. "Lakini subiri kwanza uone mzigo umetua wapi." Hakuniandikia barua ya onyo wala hakumwambia meneja. Nilisafisha ule mchuzi kwa mikono yangu, na toka siku hiyo nilikuwa mtu wake.

Yeye ndiye aliyenipa daftari. Lilikuwa dogo, jalada limeingia mafuta, na kurasa zake zilikuwa na safu mbili. Kushoto maneno ya Kiingereza, kulia ya Kiaislandi. Aliliandika mwaka wake wa kwanza Sydney, na halikuwa la shule. Yalikuwa maneno aliyopigiwa kelele nayo kazini, ndiyo maana karibu yote yalihusu kujaza, kubana na kusongamana. "Cram", na pembeni yake troða. "Crush", na pembeni yake kremja. Kuna herufi yao moja inafanana na p iliyomeza kijiti, hadi leo siwezi kuitamka bila kumtemea mtu mate. Kurasa na kurasa za msongamano. Aliniambia, ukiyajua haya hakuna atakayekupigia kelele usimwelewe. Mengine utajifunza kwenye televisheni.

Nikachora safu ya tatu, nikaanza kuandika Kiswahili. Hapo ndipo nilipoanza kuringa. Kwa lile neno moja la "cram" mimi nilikuwa na mzigo: unga unaushindilia kwenye gunia, nguo unazisokomeza chini ya kitanda mgeni akipiga hodi, vyombo vichafu unavirundika, na watu wanasongamana wenyewe bila kuombwa. Nikamwambia Sigga lugha yake ni maskini. Akasema nijaribu kumwelezea theluji kwa Kiswahili, halafu tuongee. Kwenye ule msemo wa Kiingereza wa watu kubanana kama sadini, yeye alikuwa ameandika heringi ndani ya pipa, na alikuwa bado ana kinyongo kwamba Waingereza wamewatia samaki kwenye kopo. Mimi nikamwambia ndagala wa kwetu hawabanwi popote. Wanaanikwa mchangani, kila mmoja na jua lake. Akalipenda hilo, akataka niliandike.

Msidhani daftari lilikuwa mchezo. Mwaka wetu wa kwanza tulikaa watu tisa kwenye nyumba ya vyumba viwili: mimi na wanangu, na dada yangu na mumewe na watoto wao waliokuwa wametua tu. Wakala wa nyumba alikuja kukagua, akatuachia karatasi yenye neno "overcrowded". Furaha alikuwa na miaka kumi na miwili, akaanza kulia kabla ya kunitafsiria. Mimi sikuhitaji tafsiri, neno lilikuwa ukurasa wa tatu. Jumapili hiyo Sigga alikuja kula kwetu. Aliketi kati ya friji na shemeji yangu, sahani mapajani, magoti yamemfika kidevuni, akala sombe, kisamvu chetu, na samaki mpaka akaomba tena. Kisha akatuambia methali ya kwao: waliopatana, hata mahali pembamba wanaketi. Nikaiandika kwa herufi kubwa za Kiaislandi, nikaibandika kwenye friji. Wakala aliporudi aliuliza ni nini. Nikasema ni sala. Hatukuhama. Dada yangu alipata nyumba yake Cabramatta baadaye, kwa wakati wake, na wala si kwa kufukuzwa.

Sasa niwaambie habari za Consolata, kwa sababu ni kwa ajili yake nimekalia kiti hiki kuwaandikia.

Consolata ni Mrundi. Alizaliwa kambini upande wa Tanzania, akahamishiwa kambi nyingine, akaolewa, akafiwa, akaletwa Sydney na watoto wanne. Shule hakuigusa. Hakujua kusoma Kiingereza, wala Kirundi, wala Kiswahili tulichoongea naye. Alipoletwa kwenye meza yetu alimtazama Sigga akifunga katoni mbili, ya tatu akaifunga mwenyewe, na ilikuwa sawa. Mwaka ulipoisha hakuhitaji tena kutikisa. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye ubavu wa katoni iliyofungwa na kukuambia kilichomo. Sigga alipostaafu alinishika mkono akaniambia mambo mawili: kwamba mimi ndiye nitakuwa kiongozi wa meza, na kwamba Consolata ana mikono kutuzidi sote wawili, kwa hiyo nisijione.

Miezi michache baadaye akaja meneja mpya, Brett. Hakuwa mtu mbaya, niwe mkweli. Alisalimia, alijua majina ya watoto wetu. Lakini alikuwa mtu wa kuamini kwamba kitu kisichoonekana kwenye tableti hakipo. Akatangaza mtihani wa usalama: maswali ishirini ya maneno ya kazi, kila neno lina majibu manne, unagusa moja. Ukishindwa mara mbili jina lako haliingizwi tena kwenye rosta, ile orodha ya zamu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili pale mezani. Sita hawakuweza kusoma Kiingereza, na mmoja wao, Consolata, hakuweza kusoma chochote.

Nilikwenda ofisini kwake kwa heshima. Nikamwomba hao sita waulizwe kwa mdomo, au wapewe katoni waonyeshe.

"I'd love to, Mama," alisema, "lakini system hairuhusu."

Nikamwambia system ni nani, nikaongee naye. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nyumbani nilimweleza Furaha, ambaye wakati huo alikuwa msichana mkubwa anayejua kila kitu. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mum, ni multiple choice. Si mkariri tu letters? Nobody reads the questions."

Nilipaswa kumchapa kandambili. Badala yake niliona ni wazo zuri. Tulikuwa tumepewa mtihani wa mazoezi wenye maswali yaleyale, nikaufanya nyumbani mpaka nikapata yote ishirini, nikanakili herufi za majibu nyuma ya daftari la Sigga. A, C, C, B, D, na kuendelea. Lakini mtu asiyejua herufi atakariri vipi herufi ishirini? Hapo nikaikumbuka kwaya. Saba kati yetu tulikuwa waimbaji, na mtu wa kwaya ya Kikongo, mpe wimbo wa beti tisa kwa lugha asiyoijua, Jumapili atauimba na sauti ya tatu ataiweka.

Tulifanya mazoezi sote kumi na wawili, hata wenye kusoma, Jumamosi tatu, alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa. Nikachukua tuni ya pambio letu moja, nikaweka herufi badala ya maneno. Soprano walibeba maswali kumi ya kwanza, alto wakapokea kumi ya mwisho. Herufi zenyewe, kwa wale wasiozijua, nilizifundisha kwa kidole: A ni kitufe cha juu kabisa, D ni cha chini kabisa. Lan, mwenzetu wa Kivietinamu anayekaa Cabramatta, ni Mbudha, na ndiye aliyeimba kwa nguvu kuliko wote. Mchungaji akachungulia mlangoni, akauliza ni wimbo gani huo mtamu. Nikamwambia ni zaburi mpya. Nimeshatubu.

Siku ya mtihani tuliketi kwenye chumba cha chakula, kila mtu na tableti yake. Laiti mngesikia. Wanawake kumi na wawili wakivuma puani kwa upole, vidole vikishuka na kupanda. Brett alisimama mlangoni akitabasamu, akasema leo mna furaha. Tulimaliza karibu pamoja, alto wakachelewa kidogo kama kawaida yao.

Majibu yalitoka saa ileile. Tableti zilikuwa zimechanganya maswali, kila moja kivyake. Wimbo wetu ulikuwa sahihi kabisa kwa mtihani mwingine. Consolata alipata matatu, mwingine sita. Lan alipata saba, akashangilia. Na mimi, ninayesoma, mimi kiongozi wa meza, nilipata manne, kwa sababu wimbo ulinishika kiasi kwamba sikusoma swali hata moja. Na kwenye tableti ya Brett zilikuwepo safu kumi na mbili, za herufi zilezile, kwa mpangilio uleule, kutoka juu mpaka chini. Hata asiyejua hesabu angeelewa.

Aliniita ofisini. Safari hii hakuniita Mama. Karatasi ilikuwa mezani tayari, na ilisema kwamba wafanyakazi wa meza yangu walifanya udanganyifu kwa uamuzi wao wenyewe. Nikitia sahihi, mimi na wale watano wenye kusoma tutarudia mtihani kimyakimya. Wale sita, basi.

"Najaribu kukusaidia," alisema, na naamini alimaanisha. "Wewe ni leading hand, kiongozi wa meza. Usipotia sahihi, you go with them."

Niliogopa. Sitaki mje mseme bibi yule hakuogopa. Lakini nilikuwa na aibu kuliko woga. Consolata hakuwa amedanganya mtu. Aliimba nilichomwimbisha. Watoto wake wanne walikuwa wanakula kwa ile mikono, na mimi, kwa werevu wangu, nilikuwa nimeifunga kamba na kuipeleka ofisini.

Nikairudisha karatasi upande wake. Nikamwambia, "Wimbo ni wangu. Andika jina langu peke yake, nitatia sahihi sasa hivi. Lakini hao wengine hujawapa mtihani. Umewapa tableti. Njoo mezani."

"Haitabadilisha kitu."

"Basi huna cha kuogopa. Njoo."

Akaja. Nafikiri alikuja kwa sababu hajawahi kuamrishwa na mwanamke wa kimo changu. Swali la nne la mtihani wake lilikuwa neno "full", na jibu sahihi kwa mujibu wa system lilikuwa: hakiwezi kuongezwa kitu kingine ndani. Nilichukua katoni, nikaijaza kama jibu lake lilivyosema, hadi isiingie hata kidole cha mtoto, nikaifunga, nikapanga saba juu yake. Tukasimama tukaitazama. Haikuchukua muda, ubavu ukaanza kutoka tumbo, kisha maji mekundu yakaonekana kwenye kona. Nikamwambia hiyo ndiyo full yako. Mimi nilishapata alama zote kwenye mtihani huo wiki yangu ya kwanza, na paleti nzima ilirudishwa.

Kisha nikamwita Consolata. Nikamwomba Brett mwenyewe achague katoni nane zilizofungwa, kutoka paleti yoyote, aongeze au apunguze anavyotaka, Consolata akiwa amempa mgongo. Akafanya hivyo, akazipanga. Consolata akafuta mikono kwenye aproni, akapitisha kiganja kutoka juu mpaka chini, mara moja, bila haraka.

"Ya tatu imeshiba mno," akaniambia. "Ya sita ina njaa. Na hii ya chini, mwambie, nyanya ni nzuri lakini katoni yenyewe imelowa, asiitume."

Nikatafsiri. Brett akazipima. Ya tatu aliiongezea mwenyewe, ya sita aliipunguza. Ile ya chini hakuwa ameigusa, akaigeuza, na kitako kilikuwa laini kama mkate uliochovywa. Wenzetu wote walikuwa wameacha kazi wakitazama. Nikamwambia, sasa jaribu wewe. Alijaribu kweli, hilo namsifu, akapitisha kiganja kama alivyoona. Akataja mbili, zote si zenyewe. Lan akacheka, na sikumkataza.

"Hii haimo kwenye mtihani," Brett akasema mwishowe.

"Basi kazi haimo kwenye mtihani wako," nikamwambia. "Kitu kimoja kati ya hivyo viwili kirekebishwe, na nyanya hatuwezi kuzirekebisha."

Brett alirudi ofisini akafunga mlango, na kupitia kioo tulimwona akipiga simu moja, kisha nyingine. Sisi tukaendelea kufungasha, kwa sababu lori lilikuwa linakuja. Siku mbili baadaye ile system iliyokuwa hairuhusu iliruhusu. Wale sita waliulizwa mezani, katoni mkononi, na mkalimani kwenye simu badala yangu, maana mimi sikuaminika tena, na ni haki. Wote sita walipita. Mimi nilipewa barua ya onyo na kunyang'anywa uongozi wa meza. Barua niliitia sahihi, kwa kuwa ilisema kweli. Uongozi sikurudishiwa kamwe, nikamalizia miaka yangu nimesimama kwenye mkanda unaoleta nyanya, kama siku niliyoanza. Kuna watu wa kanisa hili hadi leo wananionea huruma kwa hilo. Wasihangaike. Kila asubuhi niliwakuta wale sita wamefika, na kahawa ya Consolata imeshamiminwa.

Ila habari haikuishia kwenye kupita. Kila aliyepita alitakiwa kutia sahihi fomu ya kuthibitisha kwamba ameiva kazini. Bila sahihi hakuna rosta. Wengine watano waliandika majina yao kwa namna zao. Ikafika zamu ya Consolata. Brett, akijua hali yake, alikuwa amejiandaa kwa wema wake wote: ameleta kidau cha wino.

"Just your thumb," alisema. "Au weka X. Ni sawa kabisa kisheria."

Consolata alikitazama kile kidau. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Mama Furaha, mwambie kidole changu kimekula wino tangu nikiwa mtoto. Kwa mahindi, kwa blanketi, kwa kuhesabiwa, kwa kupanda ndege. Hii hapa sikupewa. Hii nimeipata kwa mikono yangu. Nitaandika jina."

"Unajua kuliandika?"

"Bado. Mwambie asubiri."

Nikamwambia. Brett akashusha pumzi, akasema rosta ya wiki ijayo inafungwa Ijumaa saa nne, baada ya hapo hana uwezo. Ilikuwa Jumatatu.

Kwa hiyo tulikuwa na chakula cha mchana mara nne. Nilimwandikia jina lake juu ya kifuniko cha katoni, herufi tisa, naye akazinakili chini yake kwa kalamu nene ya kuandikia lebo. O alizipata siku ya kwanza, alisema ni nyanya. S ilimtesa. Kila siku iligeukia upande mwingine, akawa anaisonya kama mbuzi aliyekataa kamba. Sikumwekea wimbo. Jumatano aliweza mpaka katikati. Alhamisi alilimaliza mara moja tu, likapinda likashuka mpaka kwenye kona ya kifuniko, akasema lile haliendi ofisini.

Ijumaa alikuja na kitambaa cha kichwa cha kwenda kanisani. Saa nne kasorobo alivua glavu, akaosha mikono, akaketi kwenye kiti cha mbele ya meza ya Brett bila kukaribishwa. Mimi nilisimama nyuma yake. Akaandika C. Akapumzika. Akaandika O, ya mviringo mzuri, akaandika N. Kwenye S alisimama kwa muda mrefu sana, mpaka nikafumba macho, na nilipofumbua ilikuwa pale, imeangalia upande unaostahili. Nje dereva wa lori alianza kupiga honi. Simu ya Brett ikaita. Consolata akaandika O ya pili, kisha L.

Brett akanyoosha mkono kuichukua karatasi. "That's great, that'll do," alisema. "Inatosha, inasomeka."

Consolata akalaza kiganja chake juu ya karatasi. Hakunitazama nimtafsirie. Alimtazama yeye.

"Wait," akamwambia.

Zilikuwa zimebaki herufi tatu. Brett alizisubiri zote.